Udenda wa Mtu Mzima: Tujue Chanzo Kabla ya Dawa ya Kukausha Mate

Mtoto mchanga akitokwa na udenda hakuna anayeshangaa. Mama yake humfunga kitambaa shingoni, watu husema meno yanaota, na maneno yanakwisha. Lakini mtu mzima akitokwa na udenda watu hugeuza uso. Wengine hucheka. Wengine husema akili zimemruka. Naye mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi akili zake ni timamu kabisa, huyasikia yote hayo.

Tumchukue mzee mmoja wa mfano. Tumweke Gongoni, hapa mjini Tabora, na tumwite Babu tu, maana kila mtaa una mzee wa namna hii. Babu alikuwa mcheza bao hodari. Kila alasiri ungemkuta chini ya mwembe, na miembe, kama mjuavyo, ndiyo alama ya njia ya zamani ya misafara kutoka kwetu hadi Ujiji. Siku hizi Babu haendi tena barazani. Mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, na siku moja yalidondoka kwenye bao lenyewe mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo hushinda chumbani, kitambaa begani. Wajukuu hawataki kula naye sahani moja. Jirani wa kulia anasema amerogwa. Jirani wa kushoto anasema ni minyoo. Mwanawe amechoshwa na maneno ya majirani, akachukua fedha na kwenda duka la dawa kuomba "dawa ya kukausha mate".

Dawa hizo zipo kweli, na katika makala hii tutazieleza moja moja. Lakini anayeanza na dawa hizo kabla ya kujua mate yanatoka kwa sababu gani anaweza kumpa mzee wake madhara makubwa kuliko hayo mate. Kwa hiyo tuanze na mate yenyewe.

MATE HUTENGENEZWA WAPI

Mwili wa mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku. Ni mengi, lakini hatuyaoni kwa sababu tunayameza bila kufikiri. Hutoka kwenye tezi kubwa tatu kila upande: moja iko mbele ya sikio (ndiyo ile inayovimba mtu akipata matumbwitumbwi), moja chini ya taya, na moja chini ya ulimi. Tunapokuwa tumetulia tu, hatuli wala hatunusi chakula, sehemu kubwa ya mate hutoka kwenye ile ya chini ya taya.

Mate si uchafu. Hulainisha ugali upate kuteremka, huanza kumeng'enya wanga, hulinda meno yasioze na huzuia vidonda mdomoni. Mtu asiye na mate hawezi kula vizuri, hawezi kusema vizuri, na meno yake huharibika upesi. Kwa hiyo hata tukitumia dawa, hatutaki kukausha mate yote. Tunataka yapungue kiasi cha kumfaa mgonjwa.

Tezi hizi hupata amri kutoka kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mwisho wa mshipa hutolewa kemikali iitwayo asetilikolini. Ifikirie kama tarishi wa ofisini. Tarishi anafika mlangoni, anagonga, anatoa barua, tezi inatoa mate. Halafu mwili humwondoa tarishi huyo mara moja ili asiendelee kugonga. Mfano huu tuukumbuke, kwa sababu tutamrudia tarishi mara mbili zaidi.

MARA NYINGI TATIZO NI KUMEZA

Wengi hudhani kwamba mtu anayetokwa na udenda ana mate mengi kupita wenzake. Kwa watu wazima wengi si hivyo. Mate yake ni ya kawaida, pengine hata ni machache kuliko ya mtu mwenye afya, lakini hayamezwi. Ni kama ndoo chini ya bomba linalotiririka polepole: usipoimwaga ndoo, itafurika hata kama bomba halijaongezwa.

Mtu aliyepata kiharusi upande mmoja wa uso hawezi kufumba mdomo sawasawa wala kuyasukuma mate nyuma. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, misuli yake yote huwa mizito na husahau kumeza. Dalili zake ni mkono kutetemeka ukiwa umetulia, hatua fupi za kuburuta, uso usiocheka, sauti ndogo, na vifungo vya shati kuwa kazi ngumu. Watu wengi huona dalili hizi na kusema ni uzee. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wachunguzi walipita kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Hao ni watu ambao ugonjwa wao una dawa.

Sasa Babu amefikishwa zahanati na mkewe. Tabibu anaanza kwa heshima:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ni ndogo, inasikika kwa shida.

"Mate haya yalianza lini, bibi?"

"Tangu masika ya mwaka juzi, daktari. Kwanza mkono huu wa kulia ulianza kutikisika."

"Anapaliwa anapokunywa maji?"

"Sana. Chai ndiyo kabisa. Uji humshuka vizuri."

"Na dawa anazotumia nyumbani umezileta?"

Bibi hakuzileta. Tabibu akamwomba arudi nazo zote, hata zile za mwaka jana, hata za mitishamba. Swali hilo la mwisho ndilo ambalo nyumbani hatujiulizi.

DAWA INAYOLETA MATE

Kuna dawa ambazo zenyewe husababisha udenda. Mgonjwa wa akili anayetumia haloperidoli au klopromazini, au anayechomwa sindano ya kila mwezi, anaweza kukakamaa mwili mfano wa mwenye Parkinson, na akikakamaa hamezi mate. Metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil, ikitumiwa muda mrefu inaweza kufanya hivyo hivyo, hasa kwa wazee. Hapo tiba ya kwanza ni daktari kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Kuongeza dawa ya kukausha mate juu ya dawa inayoleta mate ni kubebesha punda mizigo miwili wakati mmoja ungeweza kushushwa.

Iko nyingine, klozapini, ambayo hupewa wagonjwa wa akili ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Hiyo huongeza mate hasa usiku, mpaka mto unalowa. Mgonjwa huona aibu, na wako wanaoiacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Ndugu wa mgonjwa, tafadhali sana: dawa za akili haziachwi ghafla. Ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Mwambie daktari wazi kwamba mate yanamsumbua mgonjwa, naye anazo njia za kusaidia.

Vyanzo vingine nitavitaja kwa kifupi. Jino bovu, vidonda mdomoni, jipu kooni na meno ya bandia yasiyokaa sawa hujaza mate, na vikitibiwa mate hupungua. Kiungulia kikali kinaweza kujaza mdomo maji ghafla, hasa baada ya kula au ukilala. Huyu anahitaji dawa ya asidi ya tumbo. Mama mjamzito naye anaweza kutema mate miezi ya mwanzo, na kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe. Dawa za kukausha asizitumie bila mganga wa kliniki. Ugoro chini ya mdomo huleta mate kwa mtu yeyote. Ama minyoo, imesingiziwa sana. Mtu mzima kulowesha mto usiku si ushahidi kwamba ana minyoo, na kumnywesha dawa ya minyoo kila mwezi hakutaponya udenda wa Parkinson wala wa kiharusi.

MATE YANAYOKUJA GHAFLA

Mpaka hapa tumezungumzia udenda wa miezi na miaka. Mate yanayofurika ghafla, kwa mtu aliyekuwa mzima asubuhi, ni jambo jingine kabisa, na sisi tunaolima tumbaku na pamba tunapaswa kulijua kuliko watu wa mikoa mingine.

Baadhi ya dawa za kunyunyizia wadudu ni za jamii ya oganofosfati. Hapa tumrudie tarishi wetu. Sumu hii humzuia mwili kumwondoa tarishi baada ya kutoa barua, naye anagonga mlango bila kukoma. Tezi zote zinafunguka: mate, machozi, makamasi, jasho. Mgonjwa anatapika, anaharisha, anajikojolea. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inarukaruka, na kifua kinajaa majimaji mpaka anashindwa kupumua. Anaweza kufa katika muda mfupi. Mwondoe mahali penye dawa, mvue nguo zote, mwoshe mwili na nywele kwa maji mengi na sabuni, na wewe unayemwosha ujikinge mikono. Usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo ya ile dawa. Huko atachomwa atropini, tena kwa dozi kubwa zinazorudiwa, mpaka kifua kikauke. Hakuna nafasi ya kumpa maziwa na kungoja kesho.

Wavunaji wa tumbaku wana tatizo jingine dogo kuliko hilo. Unapovuna asubuhi majani yakiwa na umande, au baada ya mvua, nikotini huyeyuka kwenye maji na kupenya kwenye ngozi. Kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mate kujaa mdomoni, jasho la baridi. Wengi husema ni malaria. Acha kazi, oga kwa sabuni, badili nguo, kunywa maji, pumzika. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya siku moja au mbili. Asiyepata nafuu aende akaonwe. Vuna majani yakikauka umande, na uvae mikono mirefu na glavu.

Na mtu aliyeumwa na mbwa wiki au miezi iliyopita, ambaye sasa anatokwa mate na anaogopa hata kuonyeshwa maji, huyo ana dalili za kichaa cha mbwa. Wakati wa kumwokoa ulikuwa siku ile ya kuumwa: kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 na kwenda kuchanjwa upesi.

DAWA ZA KUKAUSHA MATE

Tumefika kwenye dawa zenyewe. Karibu zote hufanya kazi kwa njia moja: zinamfungia tarishi mlango. Anafika, anagonga, lakini hasikilizwi, na tezi inatoa mate machache. Ubaya wake ni kwamba tarishi huyu haendi kwenye tezi za mate peke yake. Hupeleka barua kwenye moyo, macho, utumbo, kibofu na ubongo pia. Ukifunga mlango mmoja umefunga na mingine, na hapo ndipo madhara yanapotoka.

Atropini ndiyo ya zamani na inayojulikana zaidi. Ipo ya sindano na ipo ya matone ya macho. Madaktari wengine humwagiza mgonjwa wa udenda atumie matone hayo ya macho chini ya ulimi. Hayakutengenezwa kwa kazi hiyo, lakini yanafanya kazi, na si ghali. Sasa sikiliza hesabu yake. Matone yenye nguvu ya asilimia 1 yana miligramu 10 katika kila mililita. Tone moja basi lina karibu nusu miligramu. Matone mawili yanafika miligramu moja, na hiyo ni dozi ya sindano ambayo mganga humchoma mtu huku akimwangalia moyo unavyokwenda. Chupa ndogo ya mililita 5 ina miligramu 50 na inaweza kumuua mtoto. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "dondoshea tu kidogo". Daktari aandike nguvu ya dawa, idadi ya matone na saa, na chupa ikae juu mahali mjukuu hafiki.

Nitoke kidogo nje ya njia. Atropini na ndugu yake haiosini zimo pia kwenye mnanaha, ule mmea wa jalalani wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Wako wanaoujua kwamba hukausha kinywa, na ni kweli unakausha. Lakini katika tone la dawa kuna kipimo. Katika jani na mbegu hakuna. Mmea wa huku waweza kuwa na sumu mara kadhaa kuliko wa kule. Watu waliokula mnanaha huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, miili yao huwaka moto na wengine hufa. Usimpe mzee.

Haiosini ya mate iko kama plasta ndogo inayobandikwa nyuma ya sikio, na hubadilishwa kila baada ya siku 3. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanaotapika safarini. Inaingia kwenye ubongo kwa urahisi, kwa hiyo huleta usingizi, na mzee anaweza kuanza kuweweseka. Hapa liko kosa ambalo naliona mara nyingi. Dukani kuna Buscopan, nayo ina haiosini, na mwuzaji huitoa akidhani ni ile ile. Buscopan ni haiosini ya aina nyingine, ya kutuliza msokoto wa tumbo. Kidonge chake hufyonzwa kidogo sana kutoka tumboni na si tiba ya udenda. Mtoto wa Babu alirudi nyumbani na vidonge hivyo hivyo. Fedha zilikwenda, mate yakabaki.

Glikopirolati ni bora kwa wazee katika jambo moja kubwa: haipenyi kwa urahisi kwenye ubongo, na hivyo haichanganyi akili kama hizo za kwanza. Dawa yake ya maji iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya watoto wenye magonjwa ya ubongo wanaotokwa na udenda; kwa watu wazima madaktari huitumia kwa busara yao. Haipatikani kila mahali, na pengine utaambiwa uifuate mji mkubwa. Kufunga choo na mkojo kugoma yako pale pale.

Amitriptilini utaipata kwa urahisi zaidi. Ni dawa ya sonona na ya maumivu ya mishipa ya fahamu, na kukauka kwa kinywa ni mojawapo ya madhara yake. Daktari huweza kuyageuza madhara hayo kuwa faida, kwa kutoa dozi ndogo usiku, hasa kwa mgonjwa ambaye pia hapati usingizi au ana sonona. Si ya kila mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika, na vidonge vingi kwa mara moja ni sumu kali. Benziheksoli, au Artane kama inavyojulikana wodini, nayo hukausha mate, na inafaa zaidi kwa kijana aliyekakamaa kwa sababu ya dawa za akili. Kwa mzee wa miaka 70 mimi ningeiogopa, maana hupoteza kumbukumbu. Tena wako wanaoitafuta kwa ulevi, isiachwe ovyo.

Ya mwisho ni sindano ya botulini. Jina linatisha kwa sababu ni sumu ya kidudu kinachoharibu vyakula vya makopo, moja ya sumu kali kabisa duniani. Lakini kiasi kidogo mno kikichomwa ndani ya tezi yenyewe, tarishi hatoki kabisa kwenye mshipa wake, na kwa kuwa dawa imewekwa mahali pamoja, moyo na kibofu havisumbuliwi sana. Mate hupungua baada ya siku chache hadi wiki mbili, na nafuu huweza kudumu miezi 3 au 4, kisha sindano hurudiwa. Marekani waliidhinisha aina moja kwa udenda sugu wa watu wazima mwaka 2018 na nyingine mwaka 2019. Ni ghali, huhitaji daktari bingwa aliyeifanya kazi hiyo, na dawa ikivuka tezi inaweza kudhoofisha misuli ya kumezea. Kwa wengi wetu bado iko mbali, lakini ni vizuri kujua kwamba ipo, ili anayepelekwa hospitali kubwa kama Bugando au Muhimbili aulize. Upasuaji wa tezi upo pia, kwa wachache walioshindwa na yote haya.

WASIOPASWA KUZITUMIA BILA KUPIMWA

Kabla ya dawa hizo za kufungia tarishi mlango, tabibu atauliza maswali ambayo wazee huona haya kuyajibu. Mkojo unatoka vizuri? Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuamka mkojo umeziba kabisa, akahitaji mpira. Choo je? Mwenye Parkinson tayari hupata choo kigumu, na dawa hizi humfunga zaidi. Kuna presha ya macho? Aina moja ya ugonjwa huo inaweza kumpofusha mtu kwa dozi chache tu. Moyo unakwenda mbio? Amekuwa akisahau, akipotea njia nyumbani kwake? Ukificha jibu unajificha wewe mwenyewe.

Jambo moja zaidi kwa watu wa Tabora. Dawa hizi huzuia jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, jua likiwa utosini, mzee anayetumia atropini asiachwe shambani wala ndani ya banda la bati mchana. Akiwa na joto kali, ngozi kavu na maneno yasiyoeleweka, mpeleke kivulini, mpoze kwa maji, kisha hospitali.

Na mate yakikauka kupita kiasi hugeuka kuwa mazito kama gundi, yakamkaba koo badala ya kumtoka mdomoni. Hiyo ni dalili kwamba dozi imezidi. Rudi kwa aliyekuandikia. Usingoje tarehe ya kliniki.

KAZI YA NYUMBANI

Mtu asiyemeza vizuri yuko hatarini zaidi kwa mate yanayoingia kwenye pafu kuliko yale yanayoanguka kwenye shati. Huko yanaleta nimonia, na nimonia huwaua wengi wa wagonjwa hawa. Kwa hiyo mgonjwa aketi wima anapokula na nusu saa baadaye. Asilishwe akiwa amelala. Vipande viwe vidogo, na uji mzito mara nyingi ni salama kuliko maji matupu. Ndiyo maana uji ulimshuka Babu na chai ikampalia. Asilazimishwe kuzungumza na chakula mdomoni. Meno yapigwe mswaki asubuhi na usiku, hata kama yamebaki matatu, kwa sababu mate machafu yakiingia pafuni ni mabaya kuliko mate safi.

Mkumbushe kumeza. Ndiyo, kwa maneno: "Babu, meza." Mwenye Parkinson akikumbushwa huweza. Kabla ya kusema na mgeni, ameze kwanza. Kutafuna ubani usio na sukari, kwa mwenye nguvu ya kutafuna asiyepaliwa, humfanya ameze mara nyingi zaidi. Kitambaa kiguse ngozi taratibu, kisisugue, na mafuta kidogo yapakwe kidevuni ili ngozi isichubuke. Udenda wa Parkinson au wa kiharusi hauambukizi, na mjukuu anaweza kuketi na kula karibu na babu yake bila hofu.

Bibi wa Gongoni alirudi zahanati na mfuko wa dawa zote. Ndani yake mlikuwa na Plasil ambayo Babu alipewa siku nyingi zilizopita kwa kichefuchefu, na ambayo nyumba iliendelea kuinunua kwa mazoea. Tabibu aliisimamisha hiyo kwanza. Kisha akaandika barua ya kumpeleka Babu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, apimwe kama mtetemo ni wa dawa ile peke yake au ni Parkinson kamili, maana mkono ulianza kutikisika upande mmoja, na hilo huelekea zaidi kwenye Parkinson. Ikiwa ndivyo, ataanza na dawa ya ugonjwa wenyewe, levodopa pamoja na kabidopa, ambayo ikilegeza misuli huweza kumrudishia kumeza. Matone ya kukausha mate, kama yatahitajika, yatafuata baadaye, baada ya kuulizwa habari za mkojo na macho.

Anayempeleka mzee wake kwa ajili ya udenda achukue mambo haya: mfuko wenye kila dawa iliyo nyumbani, jina la mwezi mate yalipoanza, habari ya kupaliwa na ya homa za kifua katika miezi iliyopita, na idadi ya vitambaa vinavyolowa kwa siku. Hiyo idadi ya vitambaa si mzaha. Mganga ataiuliza tena mgonjwa akirudi baada ya wiki chache, na kwa hesabu hiyo atajua kama dawa inasaidia au la.